Mnyoo Ndani ya Samaki: Mambo Anayopaswa Kujua Mlaji

Mlaji anayenunua dagaa wa Ziwa Victoria, iwe Biharamulo mjini, Nyakanazi au Rulenge, huenda akakuta tumboni mwa dagaa mmoja utepe mweupe, laini, ulioijaza nafasi yote ya ndani. Wapo wanaotupa fungu zima. Wapo pia wanaodhani kwamba huo ndio mnyoo unaowapata watoto wao. La kwanza humpotezea mlaji fedha na kitoweo. La pili humtia hofu pasipostahili, na kumsahaulisha hatari iliyopo kweli.

Utepe huo ni mnyoo wa jamii ya tegu, ambaye wataalamu humwita Ligula intestinalis. Maisha yake hupita katika miili mitatu. Mayai huanguka ziwani pamoja na kinyesi cha ndege. Mnyoo mchanga anayeanguliwa humezwa na kijidudu cha majini kilicho kidogo kama punje ya mchanga. Kijidudu huliwa na dagaa. Humo mnyoo hukua hata akamzuia dagaa asizae. Mnandi, au ndege mwingine alaye samaki, akimmeza dagaa huyo, mnyoo hukomaa na kutaga kwa siku chache tu. Mwanadamu hayumo katika safari hiyo.

Kiumbe anayebeba kimelea huitwa mwenyeji, na vimelea wengi wa samaki wa maji baridi ni wachaguzi wa wenyeji wao. Sato na kambare huweza kunaswa katika wavu mmoja, lakini vijinyoo vinavyong'ang'ania matamvua ya sato si vile vya kambare. Kila mmoja ana vyake. Hata jina moja la sokoni laweza kuficha tofauti. Nyakanazi ni njia panda ya barabara ya Kigoma, na dagaa wa Kigoma si ndugu wa karibu wa dagaa wa Mwanza. Ligula hupendelea hasa jamii ya huyu wa Mwanza.

Hata hivyo, si kila kimelea ni mchaguzi kiasi hicho. Karibu na moyo wa sato, na tumboni mwa kambare, huonekana minyoo ya mviringo iliyojikunja kama nyoka. Katika nyama, au karibu na matamvua, huweza kuonekana vivimbe vidogo vya manjano vyenye mnyoo bapa ndani. Wote hawa hukomaa katika ndege kama mwari, mnandi na korongo, lakini wakiliwa hai wanaweza kumsumbua mwanadamu. Huko Japani na Korea, ambako samaki mbichi ni chakula cha kawaida, wagonjwa wamewahi kutolewa kooni mnyoo wa vivimbe hivyo.

Kwa hiyo tunasisitiza moto. Nyama ya ndani ikifikia nyuzijoto 63 za Selsiasi, vimelea hawa hufa. Jikoni pasipo kipimajoto, tazama nyama ya kando ya uti wa mgongo: iwe nyeupe isiyong'aa, na iachane na mfupa kwa urahisi. Kambare mnene aliyebanikwa huweza kuwa kahawia nje huku ndani angali mbichi; mchemshe tena kabla ya kumla. Kunyunyizia chumvi hakutoshi. Kugandisha hufaa iwapo baridi ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, jambo ambalo jokofu nyingi za nyumbani haziliwezi.

Mnyoo si dalili ya kuoza. Samaki anayesafirishwa kutoka ziwani hadi Ngara bila barafu ya kutosha aweza kukosa mnyoo hata mmoja na bado akakuumiza tumbo, na kupika hakumrudishii ubora. Kagua macho, rangi ya matamvua, harufu, na kama nyama hurudi ukiibonyeza. Mwombe muuzaji apasue samaki mbele yako kabla ya kulipa. Ukikuta nyama yenyewe imejaa vivimbe, una haki ya kumkataa, na afisa uvuvi wa halmashauri aarifiwe. Ondoa matumbo mapema na uyafukie. Usiyatupe mtoni wala katika bwawa la kufugia samaki, ambako ndege watayafuata.