Badani, Taharizi na Sijafu: Kiswahili katika Mafunzo ya Mitindo na Nguo Machakos

Utangulizi

Mwanafunzi anayejiunga na chuo cha ufundi katika eneo la Machakos kusomea mitindo na nguo huingia katika lugha mbili kwa wakati mmoja. Darasani huandika maelezo kwa Kiingereza, na kwa lugha hiyo hiyo ndivyo atakavyotahiniwa. Akienda sokoni kutafuta karakana ya kufanyia mazoezi, hupokelewa na fundi anayemwagiza kwa Kiswahili, pengine kwa Kikamba: "Shikiza kwanza kwa sindano ya mkono, ndipo upitishe cherehani." Kazi ni ile ile aliyofundishwa, ila jina lake limebadilika. Makala haya yanaeleza kazi inayomsubiri mwanafunzi huyo, maarifa anayoyapata chuoni, na nafasi ya Kiswahili kati ya mambo hayo mawili. Hoja kuu ni kwamba istilahi nyingi anazozihitaji zimo tayari katika Kiswahili, na kwamba kutozifundisha humpunguzia mhitimu uwezo wa kuifanya kazi yake.

Kazi inayomsubiri mhitimu

Mhitimu wa Machakos ana njia kadhaa mbele yake. Ya kwanza ni karakana ndogo ya mjini au sokoni, inayotegemea sare za shule, nguo za harusi na mishono ya vitenge. Karakana hizi zilipata mshindani mkubwa pale soko la Kenya lilipofunguliwa katika miaka ya 1990 na mitumba ikafurika. Hata hivyo, mitumba yenyewe imewapa mafundi kazi, kwa kuwa suruali iliyonunuliwa sokoni aghalabu huishia kwa fundi ili ipunguzwe kiuno au ikatwe urefu.

Njia ya pili ni kiwandani. Mji wa Athi River, ulio katika kaunti ya Machakos, una eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, lililotokana na sheria ya mwaka 1990. Sheria ya AGOA, iliyopitishwa Marekani mwaka 2000, ilizifungulia nguo za Kenya soko lisilotozwa ushuru, nayo ajira ya kushona ikapanuka. Huko kazi hugawanywa: mmoja hushona mifuko, mwingine kola, mwingine hutia zipu. Fundi wa sokoni huijua nguo nzima. Mfanyakazi wa kiwandani huujua mshono mmoja kwa kasi kubwa. Mhitimu wa chuo hutarajiwa kuielewa nguo yote na pia kuwaongoza wanaoshona sehemu zake.

Mfano wa tatu uko katika kaunti jirani ya Kitui, ambako serikali ya kaunti ilianzisha kituo cha kushona nguo, KICOTEC, mwaka 2018. Janga la Korona lilipoingia mwaka 2020, kituo hicho kiligeukia kushona barakoa. Hapo ilidhihirika kwamba ufundi wa cherehani ukiwa na mpangilio mzuri unaweza kukidhi haja ya umma kwa muda mfupi.

Maarifa ya chuoni

Watu wengi hudhani kwamba kusomea mitindo ni kujifunza kushona tu. La hasha. Somo la kwanza ni kukijua kitambaa. Mwanafunzi hufundishwa kukitambua kwa kuchoma uzi mdogo: pamba huungua haraka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, sufu hunuka kama nywele zilizoungua, poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Ujuzi huu si mchezo wa maabara. Pamba isiyotayarishwa vyema huruka inapofuliwa mara ya kwanza, na gauni lililomkaa mteja sawasawa siku ya kulichukua huweza kumbana baada ya wiki moja.

Somo la pili ni uelekeo wa nyuzi. Kitambaa kilichofumwa huwa na nyuzi za urefu na nyuzi za upana. Kikikatwa kwa kufuata nyuzi za urefu, hutulia na kutovutika sana. Kikikatwa kimshazari, huvutika na kuanguka kwa ulaini mwilini. Anayelipuuza jambo hili hushona sketi inayojipinda upande mmoja, na hakuna pasi inayoweza kuinyoosha.

Baada ya hapo huja vipimo, uchoraji wa violezo vya karatasi, upanuzi na upunguzaji wa violezo hivyo kwa saizi mbalimbali, na hatimaye hesabu ya bei. Hesabu hii huwashinda wengi. Fundi anayejumlisha kitambaa, uzi na zipu pekee, akasahau saa zake, kodi ya chumba na umeme, huweza kushona mwaka mzima pasipo kupata faida.

Istilahi zilizopo

Je, maarifa haya yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kubabaika? Jibu limo katika kanzu. Mafundi wa pwani waliipa kila sehemu ya vazi hilo jina lake, na kamusi za zamani, mathalani ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zimeyahifadhi majina hayo. Badani ni kipande kikuu cha mbele au cha nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoipanua kanzu kuelekea chini. Kikwapa ni kipande kidogo cha kwapani kinachoupa mkono nafasi ya kuinuka. Sijafu ni sehemu iliyopindwa mwishoni mwa mkono. Lisani ni kipande kinachokaa chini ya mpasuo wa kifuani, na kaba ni kitambaa cha ndani kinachoimarisha shingo na mabega.

Majina haya hayafungwi na kanzu. Blauzi ina badani. Sketi inayopanuka chini ina taharizi. Shati lina sijafu. Kushikiza kwa mishono mirefu ya muda ni kupiga bandi. Nyuzi za urefu ni mtande, na zile zinazopita katikati yake ni mshindio. Mwanafunzi wa Kikamba aliyemtazama mama yake akisuka kiondo cha katani ameziona nyuzi zilizosimama na zile zinazozizunguka kabla hajaingia darasa lolote. Akiambiwa "mtande" na "mshindio", anapewa majina ya vitu anavyovijua.

Nguo ya kuazima

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Methali hii isichukuliwe kuwa hoja ya kukataa kila neno la kigeni. Neno cherehani lenyewe lina asili ya Kiajemi, na badani ni la Kiarabu. Kola, zipu na saizi yamekwisha kuzoeleka, na hakuna sababu ya kuyafukuza. Neno la mkopo ni kama suruali ya mtumba: likipunguzwa na kupindwa likamkaa mvaaji, huwa lake. Tatizo hutokea pale ambapo neno la Kiingereza huazimwa kwa ajili ya mtihani tu, kisha fundi na mhitimu wakashindwa kuelewana juu ya kitambaa kilicho mezani.

Kutoelewana huko kuna gharama. Mteja akileta mita tatu za kitenge, na agizo la kukata kimshazari likachukuliwa kuwa la kukata kwa mtande, kitenge hakiwezi kurudi kuwa kizima. Hasara ni ya karakana, na jina linaloharibika mtaani ni la mhitimu aliyetoa agizo.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakuwa na maana kubwa iwapo itaishia katika ushairi na riwaya, huku vyuo vya ufundi vikiachiwa Kiingereza pekee. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuanza na jambo dogo: kuingia karakana za Machakos na Athi River wakiwa na daftari, kuorodhesha maneno ambayo mafundi huyatumia kweli, kuyalinganisha na yale ya kamusi, kisha kuwapa walimu wa mitindo orodha fupi itakayobandikwa kando ya cherehani. Hapo mwanafunzi atatahiniwa kwa Kiingereza kama kawaida, lakini siku ya kwanza kazini ataweza kumwambia msaidizi wake akate wapi, naye akate papo hapo.