Mifereji kwenye mteremko: hesabu kwanza, jembe nyuma



Katika milima ya Walungu na Kabare, kila mtu anajua mvua ya Septemba inafanya nini kwenye shamba lililolimwa na kubaki wazi. Udongo mweusi wa juu, ule wenye nguvu, unashuka bondeni. Agronomu akituambia tuchimbe mifereji na kupanda majani ya kushika udongo, wote tunaitika. Akirudi msimu B, anakuta mifereji ni michache. Je, ni uvivu? Hapana. Wengi wamepiga hesabu kichwani: gharama ni ya leo, faida ni ya kesho kutwa. Hiyo hesabu tuiweke kwenye karatasi.

Kinachotoka

Tuchukue mfano wa shamba la ari 10: upana mita 20, na mita 50 kutoka juu mpaka chini. Ukikata mstari mmoja kila mita 10, unapata mistari 4, jumla mita 80. Mfereji pamoja na majani yake vikichukua upana wa mita 1, umeacha mita za mraba 80, ni kusema 8 kwa 100 ya shamba. Tuseme mtu mmoja anachimba mita 10 kwa siku: hizo ni siku 8. Zizidishe kwa bei ya kibarua kwenu. Ongeza siku za kuzibua kila msimu, maana mfereji uliojaa udongo ni kama haupo.

Kinachoingia

Matete yanakua mbio na yanalisha mbuzi na dende, nao wanatoa mbolea. Kaliandra inaomba uvumilivu, karibu mwaka mzima kabla ya kuikata. Kisha inatoa chakula cha mifugo na vijiti vya maharagi ya kupanda, na mizizi yake inaongeza azoti udongoni. Lakini tusidanganyane: msimu wa kwanza mavuno yanaweza kupungua kidogo, kwa sababu ya nafasi iliyochukuliwa. Asiye na mifugo ajiulize kwanza kama kuna jirani wa kununua majani yake.

Shamba ni la nani?

Hapa ndipo hesabu inageuka. Mwenye kalinzi anajua watoto wake watalima palepale; anaweza kungoja. Mwenye bwasa analipa kwa muda mfupi, na mara nyingi hakubaliwi kupanda miti, maana mti unaonekana kama alama ya kuchukua shamba. Akichimba mifereji leo, mwenye shamba anaweza kulirudisha kesho, likiwa zuri kuliko zamani.

Huyu achague kazi inayolipa msimu huohuo: kulima kwa kukata mteremko, na kufunika udongo kwa mabaki ya mavuno. Lakini akumbuke, mabaki yaliyolishwa mbuzi hayafuniki tena udongo. Kama anataka mifereji, kwanza aongee na mwenye shamba mbele ya mashahidi, na waandike: atalima misimu mingapi, majani ni ya nani, na kama kazi ya kuchimba itapunguza malipo.

Maji hayajui mpaka

Jirani wa juu asipochimba, maji yake yanapasua mifereji yako. Kwa hiyo mkulima mmoja peke yake anapata hasara pale ambapo watu kumi pamoja wangepata faida. Ushirika upange mlima kwa mlima, kuanzia juu, na kazi ifanywe kwa zamu. Hivyo siku nyingi za kibarua hazitalipwa kwa mafaranga.

Kwenye mkutano ujao, kila memba alete mambo manne: ukubwa wa shamba lake kwenye mteremko, idadi ya mifugo, bei ya kibarua, na kama analima kalinzi au bwasa. Kisha tuhesabu pamoja. Atakayeona mifereji haimfai mwaka huu, asichekwe; tumtafutie kazi inayomfaa.