Barua ya kijiji kwa Bunge la jimbo: somo kutoka msitu wa Itombwe

Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, wabunge wa jimbo la Kivu Kusini hufungua kikao cha kawaida cha miezi mitatu. Kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Katika miezi hiyo wanapiga kura juu ya sheria za jimbo, wanawauliza mawaziri wa jimbo maswali, na wanaamua pesa zitakwenda wapi. Mengi tunayolia nayo nyumbani yangeweza kusikiwa pale: mto uliojaa tope, msitu unaokatwa kwa mbao na makaa, shimo la dhahabu lililoachwa wazi kando ya shamba. Lakini hayafiki yenyewe, lazima mtu ayapeleke. Andiko hili linaeleza namna ya kuyapeleka, kwa mfano wa jambo lililotokea kwetu.

Saini iliyokuja kabla ya wenyeji

Milima ya Itombwe inagusa wilaya za Mwenga, Fizi na Uvira, na nyanda za Minembwe ni sehemu ya milima hiyo. Katika msitu wake wanaishi gorila na sokwe. Mito ya Elila na Ulindi inaanzia huko na kwenda magharibi hadi Lualaba, na mito mingine inashuka upande wetu hadi Ziwa Tanganyika. Babembe, Banyamulenge, Bafuliiru, Banyindu na Batwa wamelima, wamechunga na kuwinda katika milima hiyo tangu zamani.

Oktoba 2006, waziri wa mazingira huko Kinshasa alitia saini amri ya kuanzisha Hifadhi ya Asili ya Itombwe. Kanuni ya misitu ya 2002 ilikuwa tayari inataka wananchi wanaokaa kando ya msitu waulizwe kwanza. Hawakuulizwa. Wengi walipata habari baada ya saini, na ramani ilikuwa imemeza vijiji na mashamba yao. Kwa mama aliyerithi shamba la mihogo kutoka kwa mama yake, amri ile ilikuwa na maana kwamba kesho angeweza kuitwa mvamizi nyumbani kwake.

Wenyeji walikataa, na walikuwa na haki. Lakini hawakuishia kwenye kukataa. Mashirika ya wenyeji na machifu walibishana, wakajadiliana, na mwishowe wakakubaliana na ICCN, idara ya serikali ya hifadhi, pamoja na mashirika ya WWF na WCS, kwamba mipaka ichorwe upya pamoja na vijiji. Watu walionyesha penye mashamba, penye makaburi ya wazee, penye maji, na msitu ambao wao wenyewe walitaka usiguswe. Kazi ilikuwa ya miaka mingi. Juni 2016, gavana wa Kivu Kusini wakati huo, Marcellin Cishambo, alitia saini mipaka mipya yenye karibu kilomita za mraba 5,700, eneo dogo sana kuliko lile la mwanzo. Ndani yake kuna sehemu ya kulindwa kabisa, na sehemu ambazo watu wanaruhusiwa kutumia msitu kwa utaratibu.

Miaka kumi ilipita kati ya saini ya kwanza na ya pili. Hasira ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichobadilisha ramani ni kwamba watu walikuja na ramani yao.

Sheria inatupa nini

Wengi wetu tunadhani kumwandikia mkubwa ni kujitafutia shida. Tusome Katiba ya 2006. Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na kinamwekea wajibu wa kuyatetea. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupeleka kwa serikali ombi la maandishi, lile tunaloita petisyo. Serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kuandika ombi kama hilo.

Zipo sheria nyingine za kukumbuka. Sheria ya 2014 juu ya uhifadhi wa asili inadai wananchi waulizwe kabla ya kuanzisha hifadhi yoyote. Amri ya serikali ya Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wake kwa kudumu, hadi hekta 50,000. Sheria ya Julai 2022 inalinda haki za Batwa na Wabambuti, ambao mara nyingi ndio wa mwisho kuulizwa na wa kwanza kufukuzwa.

Namna ya kuandika na kupeleka

Kwanza, chagueni jambo moja. Barua yenye malalamiko kumi haina mtu wa kuijibu. Semeni mto gani, kijiji gani, tangu lini, na nini kimeharibika. Hesabuni mashamba yaliyofunikwa na tope. Chorani ramani, hata kwa mkono.

Pili, semeni mnaomba nini hasa, na kwa nani. Mbunge wa jimbo anaweza kumuuliza waziri wa jimbo swali mbele ya wote, au kuomba tume ya uchunguzi. Anaweza kupendekeza sheria ya jimbo, au kudai pesa za daraja na za kupanda miti katika bajeti. Hawezi kufuta amri ya waziri wa Kinshasa. Hiyo ni kazi ya mbunge wa taifa na ya serikali kuu.

Tatu, angalieni kalenda. Barua inayofika Desemba, bajeti ikiwa karibu kupigiwa kura, imechelewa. Ianze kuandikwa Julai au Agosti, ili iwe mikononi mwa mbunge kikao kinapofunguliwa.

Nne, pelekeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine irudi na muhuri na tarehe. Kuanzia tarehe hiyo mnahesabu miezi mitatu. Vita vinahamisha ofisi, kama tulivyoona Februari 2025 Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 na wakuu wa jimbo wakahamia Uvira. Kwa hiyo ulizeni kwanza mbunge wenu yuko wapi. Vita havikufuta Katiba.

Jibu si mwisho wa kazi

Agosti 2021, baada ya malalamiko ya wakaaji wa Mwenga juu ya mito na mashamba yaliyoharibiwa na uchimbaji wa dhahabu, gavana wa jimbo, Théo Ngwabidje, alisimamisha kazi za makampuni yaliyokuwa yakichimba huko. Watu walishangilia. Lakini Julai 2024 gavana mwingine, Jean-Jacques Purusi, alilazimika kusimamisha tena uchimbaji, safari hii katika jimbo zima. Amri ya kwanza haikumaliza ubaya. Kundi lililoandika barua lisivunjike siku jibu linapokuja. Libaki kuangalia mto.

Kazi ya kanisa

Katika Hesabu sura ya 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote. Walikuwa na jambo moja, urithi wa ardhi ya baba yao, nao walilieleza kwa maneno machache na sababu iliyo wazi. Bwana alisema wamenena haki, na sheria ikabadilika kwa ajili ya binti wote wa Israeli waliokuja baada yao.

Kanisa lina vitu ambavyo kazi hii inahitaji: mahali pa kukutana, watu wanaojua kuandika, na waumini katika kila kijiji. Lina pia jambo gumu zaidi la kutoa. Kwa miaka mingi sasa nyanda za juu zimeona vijiji vikichomwa na ng'ombe wakinyang'anywa, na majirani wamejifunza kuogopana. Lakini miti ikiisha juu mlimani, udongo unashuka na mvua hadi kwenye mashamba ya chini. Mchungaji wa ng'ombe wa Minembwe anapoteza malisho, na mkulima wa bonde anapoteza mavuno. Barua ya upande mmoja, mbunge ataisoma kama siasa ya kabila. Barua moja yenye saini za Minembwe na za Baraka, za Babembe na za Banyamulenge, pamoja na alama za vidole za Batwa, itakuwa vigumu kuiweka kando.

Kwa hiyo tunaomba kila parokia na kila kundi la kina mama na vijana waulizane Jumapili ijayo: mto wetu una shida gani moja, na nani ng'ambo ya pili ana shida ileile? Mkishapata jibu, tafuteni kalamu, kisha tumeni mtu akamwalike huyo wa ng'ambo ya pili.