Mkulima Naye Amefundishwa na Mungu



Fungua Isaya 28, kuanzia mstari wa 23. Nabii anamwangalia mkulima kazini: anajua wakati wa kuacha kulima na kuanza kupanda, anajua mbegu gani iende wapi, na kila nafaka anaipura kwa namna yake. Kisha nabii anasema kwamba ujuzi huo mkulima amefundishwa na Mungu wake.

Neno hilo lingewafaa waliofika Kongwa, Dodoma, mwaka 1947. Baada ya vita, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na Serikali yake ikapanga kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa katika Tanganyika. Yaliletwa matrekta, wakaletwa na wataalamu. Vichaka vikavunja mashine, udongo ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, na mvua haikufuata ratiba ya ofisini. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na takriban pauni milioni 36 zimepotea. Wakati wote huo majirani zao Wagogo waliendelea na mtama, uwele na mifugo yao, kwa kuwa walijua mvua ya nchi ile huweza kukatika shamba likiwa bado bichi.

Usikimbilie kusema kwamba elimu ya darasani haina faida. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo huioni kwa macho, na kuipika hakuiondoi. Tukianika mahindi juu ya udongo na kuyaweka ghalani kabla hayajakauka, tunaikaribisha. Bwana shamba anayekuambia uanike juu ya turubai anaokoa maisha ya wanao. Msikilize, hata kama babu yako hakufanya hivyo.

Sasa mbona tunagombana? Mara nyingi ni kwa sababu hatuulizi hasara itabebwa na nani. Mtaalamu hupiga wastani wa mavuno ya miaka mingi. Mama mwenye ekari 2 huuliza habari ya mwaka mmoja tu, ule mbaya. Mbegu chotara na mbolea vinaweza kumpa magunia mengi mvua ikinyesha vizuri. Isiponyesha, mtaalamu anapokea mshahara wake mwisho wa mwezi, na mama anabaki na deni la pembejeo na watoto wasio na uji.

Ndiyo maana anapanda mahindi kidogo, mtama kidogo, kunde katikati, na mbegu nyingine anaiacha ndani ili mvua za kwanza zikimdanganya apande tena. Sisi tunamwita mbishi. Soma Mhubiri 11:6 uone kama hafanyi lile analoshauri Mhubiri: kupanda asubuhi na jioni, kwa kuwa hajui ipi itakayostawi.

Kituo cha utafiti cha Hombolo, karibu na jiji la Dodoma, kinashughulika na mtama na uwele, mazao yale yale ya wazee. Hapo hadubini na jembe vinaweza kusaidiana.

Kanisani kwako wote wawili wapo, pengine katika benchi moja. Kama wewe ni mtaalamu, kabla ya kumshauri jirani abadilishe shamba lote, muulize mwaka wa njaa aliponea kwa nini. Kama wewe ni mkulima, toa hatua chache za shamba ujaribu jambo jipya.

Na kanisa lenyewe lisiwe mtazamaji. Kila mwaka tunapokea magunia ya shukrani ya mavuno. Kwa nini mbegu mpya isijaribiwe kwanza katika shamba la kanisa, ili ikishindwa hasara iwe yetu sote, isimwangukie mjane mmoja? Paulo alipowaambia Wagalatia wachukuliane mizigo, katika sura ya 6, hakuutenga mzigo wa mvua iliyokatika.

Msimu ujao wa kupanda haujafika. Zungumzeni leo, baada ya ibada.

Jumapili njema.