Neno Moja, Picha Moja kwa Wiki

Tukizoea mahali, hatupaoni tena. Ndiyo maana kikundi chenu kinaweza kuchagua neno moja kila wiki, mfano "maji" au "mikono", na kila mmoja alete picha moja aliyopiga katika shughuli zake za kawaida. Simu ya mkononi yatosha. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hata ndugu yako. Mkikutana, msibishane ipi nzuri. Ulizeni inaonyesha nini, na kwa nini hali iko hivyo.

Miaka ya 1990, wanawake wa vijijini mkoani Yunnan, China, walipewa kamera kwa kusudi kama hilo. Kati ya picha zao ilikuwemo ya mtoto mchanga aliyelala peke yake shambani. Nani awaangalie watoto msimu wa kilimo? Swali hilo liliwafikia viongozi.