Thamani za Kulinganishia katika Uigaji wa Mitambo ya Upepo

Wafasiri wa vitabu vya uhandisi hukutana mara kwa mara na istilahi moja ambayo, ikifasiriwa vibaya, humpoteza msomaji asijue alipopotelea. Mhandisi atakaye kujua jinsi upepo unavyopita kwenye mapanga ya mtambo wa kufua umeme huuiga upepo huo kwa kompyuta. Programu humtaka, pamoja na mengine, ajaze orodha fupi: eneo, urefu, kasi, densiti, mnato. Kwa Kiingereza orodha hiyo huitwa "reference values". Makusudio ya makala haya ni kueleza jina linalofaa kwa Kiswahili na sababu zake.

Hatuna budi kwanza kuifahamu kazi ya kitu chenyewe. Programu hukokotoa mtiririko wa hewa, yaani kanieneo na kasi katika kila kisehemu cha nafasi inayouzunguka mtambo. Hesabu hiyo huongozwa na masharti ya mpaka: upepo unaingia kwa kasi gani, rota inazunguka kwa mwendo gani, hewa ina densiti kiasi gani. Thamani za orodha yetu hazimo katika kazi hiyo. Huingia baadaye, mtiririko ukishajulikana, ili kuzigeuza kani na momenti ziwe vizigeu, yaani namba zisizo na kizio, ambazo zaweza kulinganishwa na za mtambo mwingine mkubwa au mdogo.

Wazee wetu walipima nguo kwa dhiraa. Kitambaa kilekile kikipimwa kwa mkono wa mtoto hutoa dhiraa nyingi zaidi kuliko kikipimwa kwa mkono wa mtu mzima, na hakuna aliyedhani kwamba nguo imeongezeka. Aliuliza tu: dhiraa ya nani? Swali hilo ndilo la kumwuliza kila anayetutajia kizigeu.

Tuchukue mtambo unaojulikana sana kwa wataalamu wa fani hii. Mwaka 2000 maabara ya Marekani ambayo wakati huo iliitwa NREL ilijaribu mtambo wa mapanga mawili, wenye rota ya kipenyo cha mita 10.058, ndani ya handaki kubwa la upepo la NASA Ames huko California. Rota ilizungushwa kwa mizunguko kama 72 kwa dakika. Tuseme mwigaji ametumia upepo wa mita 7 kwa sekunde na hewa ya densiti 1.225, naye akapata momenti ya nyutonimita 800. Eneo la duara linalofagiwa na mapanga ni mita za mraba 79.45, na nusu kipenyo ni mita 5.029. Akizitaja thamani hizo, kizigeu cha momenti kitakuwa kama 0.067. Akikizidisha kwa uwiano wa kasi ya ncha ya panga na kasi ya upepo, ambao hapa ni kama 5.4, atapata kizigeu cha nguvu cha 0.36. Hilo ni jibu la kuaminika, kwa maana Albert Betz wa Ujerumani alikwisha kuonyesha mwaka 1920 kuwa mtambo wa namna hii hauwezi kupata zaidi ya 16/27 ya nguvu ya upepo, yaani 0.593.

Lakini programu kama Fluent huwa na thamani zake ilizokuja nazo: eneo 1, urefu 1, kasi 1. Mwigaji akiziacha vivyo hivyo, momenti ileile ya 800 itampa kizigeu cha 1,306! Akitaja kipenyo badala ya nusu kipenyo, atapata nusu ya jibu. Na akiwa ameiga panga moja tu ili kuokoa muda, kisha akataja eneo la duara zima, atapata nusu vilevile. Katika hali zote hizi upepo umepita palepale ulipopita.

Sasa tuyapime majina. Wapo waliofasiri "thamani za awali". Jina hili halifai hata kidogo, maana ni mali ya zile thamani ambazo hesabu huanza nazo. Mwanafunzi atakayelisoma ataamini kuwa akibadili eneo amebadili mtiririko, naye atarudia hesabu ya siku mbili bila sababu. "Thamani sanifu" hudokeza kwamba kuna mamlaka iliyoziweka kwa watu wote, hali ni hiari ya mwenye kupima: kwa bawa la ndege huchukuliwa eneo la bawa, kwa gari eneo la mbele, kwa rota duara linalofagiwa. "Thamani za marejeo" ni karibu zaidi na neno la Kiingereza, lakini kwa wasomaji wetu marejeo ni orodha ya vitabu mwishoni mwa tasnifu.

Tunapendekeza "thamani za kulinganishia". Kauli ya kutendea hapa hufanya kazi yake ya kawaida ya kuonyesha ala, kama katika jembe la kulimia na kisu cha kukatia. Msomaji hutambua mara moja kwamba kitu hiki ni chombo cha kupimia, wala si kinachopimwa. Tena jina hukubali kugawanyika vizuri: eneo la kulinganishia, urefu wa kulinganishia, kasi ya kulinganishia. Ni refu, hatukatai. Wenye majedwali yenye safu nyembamba watanung'unika.

Kitenzi nacho kiangaliwe. Masharti ya mpaka huwekwa. Thamani za kulinganishia hutajwa. Mfasiri akishika tofauti hiyo atakuwa amekwisha kumfundisha mwanafunzi nusu ya somo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Katika programu ya CFX kuna kanieneo inayoitwa kwa neno lilelile la Kiingereza, nayo hujumlishwa kwenye kanieneo iliyokokotolewa ili kupata kanieneo kamili. Hewa ikichukuliwa kuwa gesi inayobanika, densiti yake hutegemea jumla hiyo. Hapa kitu kinaingia ndani ya hesabu, basi kiitwe "kanieneo ya msingi". Neno moja la kigeni halitulazimishi kuwa na neno moja la Kiswahili.

Densiti ina maana ya pekee kwetu. Thamani ya 1.225 ni ya hewa ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 15 za Selsiasi. Mitambo ya Ngong, nchini Kenya, imesimama kwenye vilima vinavyozidi mita 2,000, na katika kimo hicho angahewa sanifu ina densiti ya kama 1.007. Mwenye kuiga kwa densiti hiyo, kisha akalinganishia kwa 1.225, ataona kizigeu cha 0.40 kimeshuka hadi 0.33, naye ataulaumu mtambo.

Limebaki suala la alama. Kizigeu cha nguvu na kizigeu cha kanieneo huandikwa vyote kwa herufi C na p, ingawa cha pili, kwenye mkato wa panga, kwa kawaida hulinganishiwa kwa kasi ya mahali hapo, ambamo mna upepo pamoja na mzunguko. Hadi alama zitakapotenganishwa, tunawashauri wafasiri waandike majina kwa ukamilifu.