Hatari ya Moto Shambani Hujulikanaje Mapema?

Wanachama kadha wa kadha hutuuliza kama yafaa kuchoma magugu yaliyofyekwa katika miezi ya kaskazi, na siku ipi iliyo salama. Jibu si la kubahatisha. Katika nchi nyingine hatari ya moto hupimwa kila siku, na mambo yapimwayo ni yale yale tuyaonayo hapa: upepo, unyevu wa hewa na ukavu wa majani.

Natutazame kisiwa kingine. Maui ni kimojawapo cha visiwa vya Hawaii, katika Bahari ya Pasifiki. Upande wake wa magharibi, karibu na mji wa Lahaina, ulikuwa mashamba ya miwa. Kiwanda cha sukari cha hapo kilifungwa mwaka 1999, mashamba yakaachwa, nyasi ndefu zikayatwaa. Na baadhi ya nyasi hizo asili yake ni Afrika. Tarehe 7 Agosti 2023 ofisi ya hali ya hewa ya Honolulu ilitoa onyo la moto. Siku ya pili upepo ukashuka kwa nguvu kutoka mlimani, mji ukaungua, na watu 102 wakafa.

Onyo hilo lilipatikanaje kabla ya moto? Huko hutazamwa mambo matatu kwa pamoja: upepo wa maili 20 kwa saa au zaidi, unyevu wa hewa usiozidi 45 katika 100, na ukavu wa ardhi. Huu wa tatu huhesabiwa kwa kipimo kilichotungwa na Wamarekani wawili, Keetch na Byram, mwaka 1968. Huanzia sifuri, ardhi ikiwa imeshiba maji, hata 800, ikiwa imekauka kabisa. Na kwa Hawaii hatari huanzia 600. Jambo moja peke yake halitoshi. Upepo mkali wa wakati wa masika, majani yakiwa yachuruzika maji, hauwashi shamba.

Lakini katika hayo yote, majani ndiyo yatakayotudanganya. Jani lililokufa halina maji yake lenyewe. Hupokea unyevu wa hewa na kuurudisha. Unyasi mwembamba hubadilika kwa muda wa kama saa moja, hali gogo nene hukawia siku nyingi. Basi manyunyu ya jana jioni yasimpe mtu moyo: gogo laweza kuwa bado limelowa, na majani yaliyo juu yake yamekwisha kauka kabla ya adhuhuri. Wakati mbaya kuliko wote ni tangu saa saba mchana hata saa kumi, hewa inapokuwa kavu na upepo umeamka.

Upepo nao huupa moto pumzi, huzilaza ndimi zake juu ya majani ya mbele yakakauka kabla hayajafikiwa, na huchukua cheche mbali. Mwenye shamba la kilimani ajue pia kwamba moto upandao huzidi mwendo kama mara mbili kwa kila nyuzi 10 za mwinuko. Tena mkarafuu ni wa ukoo mmoja na mkaratusi. Majani ya miti yote miwili yana mafuta.

Kupima ukavu wa hewa si kazi kubwa. Vyataka vipimajoto viwili, kimoja kifungwe kitambaa kilicholowa maji. Vikizidi kupishana, hewa imezidi kukauka. Asiye navyo na afinye konzi ya majani yaliyo chini ya miti: yakivunjika kwa mlio, siku hiyo kiberiti kikae nyumbani.

Kwa rai yetu, Januari na Februari magugu yasichomwe kabisa chini ya mikarafuu. Yaachwe yaoze, lakini yasirundikwe shinani, na mpakani mwa shamba palimwe ukanda mtupu, hasa upande utokako upepo. Mkarafuu mchanga wataka miaka kama saba kabla ya kuzaa, na hiyo ni miaka ya ada za shule na chakula cha nyumbani.

Na anayechoma wakati mwingine asiondoke upesi. Huko Lahaina moto uliwaka asubuhi, ukadhaniwa umezimika, ukafufuka kama saa tisa alasiri. Majivu yamwagiwe maji, yapinduliwe kwa jembe, yamwagiwe tena, mpaka mtu aweze kuyagusa kwa mkono.